Gapi Wanaozaa Jinsia Moja na Matatizo Mengine ya Uzazi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mfugaji wa gapi, samaki wadogo wa mapambo, jijini Dar es Salaam huanza na madume wawili watatu wenye mikia ya rangi na majike kadhaa wa kijivujivu, na kabla miezi sita haijaisha huwa amekwisha kukutana na mojawapo ya mambo haya: jike aliyetengwa peke yake anazaa, mkupuo mzima wa vifaranga unatoka majike watupu, jike mwenye tumbo kubwa anapitisha wiki nne, sita, nane bila kuzaa, au vifaranga wanaonekana asubuhi na jioni hawapo. Nimefuga samaki hawa katika nyumba ya kupanga huko Tabata kwa muda wa kutosha kuyaona yote hayo, na nimeziona pia dawa zinazotolewa kwa haraka: ongeza joto, punguza joto, tia chumvi, badilisha dume. Nyingi ya dawa hizo hutibu jambo ambalo halikuwa ugonjwa. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona, kisha unaitafuta sababu kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra. Sehemu kubwa nimeiachia suala la jinsia, kwa kuwa ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Uzazi wenyewe unavyokwenda

Asili ya gapi ni kaskazini ya Amerika ya Kusini pamoja na visiwa vya jirani, kikiwemo Trinidad. Jina lake la kisayansi, Poecilia reticulata, alipewa na Wilhelm Peters mwaka 1859, na jina tulilolizoea limetoka kwa Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka samaki hao London kutoka Trinidad. Tofauti na kambare, gapi hatagi mayai. Mayai yanarutubishwa ndani ya jike, kila kiinitete kinakua kwa kutumia kiini cha yai lake, na kinachotoka nje ni kifaranga kamili anayeogelea na kutafuta chakula siku hiyo hiyo.

Dume hutambulika kwa pezi la chini, lile lililo nyuma kidogo ya tumbo. Kwa jike pezi hilo hubaki pembetatu iliyofunguka. Kwa dume hukua likawa jembamba na refu kama kijiti, na ndilo analolitumia kupitisha mbegu kwa jike. Kuanzia kurutubishwa hadi kuzaliwa huchukua takriban wiki tatu hadi wiki nne na siku chache, na joto la maji ndilo linalobadilisha muda huo zaidi: maji ya vuguvugu huharakisha, maji ya baridi huchelewesha. Jike mdogo anayezaa mara ya kwanza anaweza kutoa vifaranga sita au kumi tu, ilhali jike mkubwa aliyelishwa vizuri anaweza kupita mia moja.

Niliwahi kukaa mbele ya tangi saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika, tochi ya simu nimeifunika kwa kitambaa ili nisimshtue samaki, nikamtazama jike mmoja akizaa. Alikuwa amejibanza kwenye kona, chini ya mizizi ya mimea inayoelea. Kila baada ya dakika chache mwili wake ulitetemeka, na kifaranga akatoka akiwa amejikunja, mkia ukigusa kichwa, hata akaonekana kama punje ya dengu. Alizama taratibu hadi kwenye kokoto, akalala hapo sekunde tatu nne, akajinyoosha, kisha akapanda juu moja kwa moja kama aliyeitwa. Mama yake aligeuka akamfuata. Yule wa kwanza aliponea kwenye mizizi. Wa tatu hakupona. Nalitaja hili kwa sababu hesabu ya jinsia, ambayo ndiyo shina la malalamiko mengi, hufanywa kwa wale waliosalimika, na kati ya kuzaliwa na kuhesabiwa kuna mambo mengi yanayopunguza.

Dalili: vifaranga karibu wote ni jinsia moja

Kwanza ieleweke ni nani anayeamua. Gapi ana jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, idadi sawa na ya binadamu, na jinsia yake hupangwa kwa utaratibu unaofanana na wetu: jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja. Kila yai la jike lina X. Mbegu ya dume ina X au Y, na hiyo ndiyo inayoamua kama kifaranga atakuwa jike au dume, tangu dakika ile ya kurutubishwa. Jike hana namna ya kuchagua. Katika jamii ambamo mama bado hulaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu, inafaa kusema wazi kwamba hata kwa samaki huyu mdogo lawama hiyo haina pa kushika.

Kwa kuwa nusu ya mbegu zina X na nusu zina Y, tunategemea nusu kwa nusu. Lakini nusu kwa nusu ni wastani wa wengi, nao wachache hawalazimiki kuufuata. Rusha sarafu ya shilingi mia mbili mara sita, uone ni mara ngapi utapata tatu kwa tatu kamili. Kwa vifaranga sita, uwezekano wa kupata watano au zaidi wa jinsia moja ni zaidi ya mara 1 katika kila 5. Kwa vifaranga ishirini, kupata kumi na wanne au zaidi wa jinsia moja hutokea karibu mara 1 katika kila 9. Kwa vifaranga mia moja, kupata sabini au zaidi wa jinsia moja hakufiki hata mara 1 katika 10,000. Maana yake ni kwamba mkupuo mmoja mdogo uliopinda hautoshi kuthibitisha chochote, na mfugaji anayebadilisha dume wake kwa sababu ya vifaranga sita anamwonea dume huyo.

Katika daftari langu kuna jike mmoja ambaye mkupuo wake wa kwanza ulinipa majike watano na dume mmoja. Wa pili ulikuwa majike wanane na madume kumi na mmoja, wa tatu majike kumi na watano na madume kumi na wawili. Ukijumlisha unapata majike ishirini na wanane na madume ishirini na wanne, ambayo ni hesabu ya kawaida kabisa. Kama ningeishia kwenye ukurasa wa kwanza ningeandika kwamba nina jike mwenye kasoro. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhesabu mikupuo mitatu au minne ya jike yule yule na dume yule yule, mpaka jumla ipite hamsini, kabla ya kushuku jambo lingine lolote.

Sababu ya pili ni kuhesabu mapema mno. Kifaranga wa wiki mbili haoneshi jinsia yake kwa macho ya kawaida, na anapofika wiki nne wapo madume ambao bado wana rangi ya kijivu kama majike. Wengi huchukulia kwamba asiye na rangi ni jike, halafu baada ya mwezi wanashangaa "jike" ameota mkia mwekundu. Rangi isitumike kama kipimo. Tazama pezi la chini, samaki akiwa kwenye chombo cha kioo chembamba, mwanga ukitoka nyuma yake: likianza kukunjana na kurefuka, huyo ni dume hata kama hana chembe ya rangi. Tazama pia doa jeusi lililo nyuma ya tumbo karibu na pezi hilo, ambalo kwa majike huanza kuonekana mapema. Hesabu ya mwisho iandikwe wakiwa na wiki nane au zaidi.

Sababu ya tatu inatokana na mkono wa mfugaji mwenyewe. Anayekuja kuomba samaki huomba wenye rangi. Duka la samaki wa mapambo nalo hununua madume kwa bei nzuri kuliko majike. Jirani anachukua wawili, mtoto wa dada anachukua watatu, na mwisho wa mwezi tangi lina majike watupu, kisha mwenye tangi anauliza kwa nini gapi wake wanazaa majike. Kila samaki anayetoka aandikwe pamoja na jinsia yake, na anayekufa vilevile. Madume wenye mikia mirefu huogelea kwa shida, hunyofolewa mapezi na wenzao, na kwa kawaida maisha yao ni mafupi kuliko ya majike; kwa hiyo tangi lililoachwa bila kuguswa kwa mwaka mzima linaweza kuonekana la kike ingawa vifaranga walizaliwa nusu kwa nusu.

Ukiwa umehakikisha hesabu ni kubwa, umri umetimia na hakuna waliotolewa, na bado uwiano umepinda vibaya, ndipo uingie kwenye sababu za nadra. Hapa matokeo yenyewe yanakuonesha pa kutafuta. Dume akizaa na majike wawili watatu tofauti, na kila mara vifaranga wote wakawa majike, huenda dume huyo ana X mbili. Samaki wa namna hiyo wapo: Øjvind Winge, mtaalamu wa urithi wa Denmark, aliwapata katika gapi wake mwanzoni mwa miaka ya 1930, na akaonesha kwamba jeni zilizo kwenye kromosomu nyingine, zikikusanyika vya kutosha, zinaweza kumfanya samaki mwenye X mbili awe dume. Dume huyo ana mbegu za X peke yake, hivyo hawezi kupata mtoto wa kiume kwa njia ya kawaida. Kinyume chake, jike mmoja akizaa madume takriban robo tatu, mkupuo baada ya mkupuo, na madume tofauti, yawezekana jike huyo ana X na Y. Kwa mahesabu, robo ya vifaranga wake watakuwa na X mbili, nusu X na Y, na robo Y mbili, nao hawa wa mwisho huwa madume iwapo watasalimika.

Chanzo kingine cha madume wenye X mbili ni homoni. Wafugaji wa sato wanaifahamu homoni ya methilitestosteroni, inayochanganywa kwenye chakula cha vifaranga wachanga ili karibu wote wawe madume, kwa kuwa madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Kwa gapi imeonekana kwamba homoni hiyo hubadilisha jinsia hata ikipewa jike mwenye mimba, siku kadhaa kabla ya kuzaa, na hii inatuambia kwamba mwili wa kifaranga huanza kujengeka kuwa wa kiume au wa kike akiwa bado tumboni. Samaki wa mapambo waliotengenezwa kwa njia hii huweza kuonekana sokoni: fungu zima ni madume, wamepata rangi mapema kupita kawaida, na wengine pezi lao la chini halijakaa sawa. Baadhi yao hawazai kabisa. Wanaozaa, wale waliokuwa na X mbili, huleta majike watupu. Ukinunua fungu la namna hiyo, usilitegemee kama mbegu ya kuanzia. Na sioni sababu yoyote ya mfugaji wa nyumbani kuigusa homoni hii, ambayo hufanya kazi kwenye mwili wa mtu kama inavyofanya kwenye samaki, na ambayo maji yake yatamwagwa kwenye mtaro unaopita mlangoni kwa jirani.

Joto nimeliweka mwisho makusudi, kwa sababu ndilo linalotajwa kwanza na kila mtu. Imani hiyo ina chimbuko lake. Kwa kasa wanaotaga kwenye fukwe za Kigamboni na Mafia, joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto hutoa majike, mchanga wa ubaridi hutoa madume. Kasa hana kromosomu za jinsia. Gapi anazo, na ndizo zenye kauli kubwa. Joto la juu wakati kiinitete kinajengeka limewahi kuongeza idadi ya madume katika majaribio, lakini athari yake ni ndogo ukiilinganisha na bahati ya mkupuo mdogo. Zaidi ya hapo, kuwasha hita baada ya vifaranga kuzaliwa kwa matumaini ya kubadilisha jinsia yao ni kuchelewa. Na kupandisha maji hadi nyuzijoto 31 au 32 kwa majuma kadhaa, jambo ambalo mwezi Januari na Februari hapa Dar hutokea lenyewe kwenye tangi dogo lililo karibu na dirisha, hupunguza hewa ya oksijeni iliyomo majini, hudhoofisha uzazi wa madume na huua vifaranga dhaifu. Unaweza kupata uwiano uliobadilika kwa sababu ya vifo, ukadhani umebadilisha jinsia.

Asidi ya maji pia hutajwa. Gapi hupendelea maji magumu kidogo yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 7 na 8, nayo maji ya visima vingi vya jijini hukaribiana na hali hiyo. Maji yenye asidi nyingi humdhoofisha samaki huyu, na hilo pekee latosha kuyaepuka; usiyatumie kutafutia madume au majike.

Dalili: jike aliye peke yake amezaa

Hili halina tatizo la kutatua, ila lina jambo la kuelewa. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume ndani ya ovari yake na kuzitumia kidogo kidogo kwa miezi mingi, hadi minane hivi, baada ya kupandwa mara moja tu. Nilinunua jike mmoja Kariakoo, nikamweka kwenye ndoo kubwa peke yake, na akazaa mara tatu kabla sijamletea dume. Kibaya ni kwamba mfugaji anapoanza kutafuta rangi fulani humtia jike dume mpya, na vifaranga wa kwanza wanapotokea anawahesabu kuwa ni wa dume huyo. Hata mkupuo mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Dawa yake ni kumtumia jike ambaye hajawahi kukutana na dume yeyote. Watenge vifaranga kwa jinsia wakiwa na wiki tatu hadi nne, mara tu pezi la chini la madume linapoanza kubadilika, na ukimkosa dume mmoja tu kwenye kundi la majike, kazi yote ya kutenga imeharibika. Mimi huwakagua majike hao kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili zinazofuata.

Dalili: vifaranga wa kiume hawafanani na baba

Mwaka 1920 Johannes Schmidt, na mwaka 1922 Winge niliyemtaja, walionesha kwamba baadhi ya madoa ya rangi ya gapi hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kupitia kromosomu ya Y, kizazi hata kizazi, bila binti kuonesha chochote. Kwa hiyo watoto wa kiume wasipokuwa na doa kuu la baba yao, shuku kwanza mbegu zilizohifadhiwa za dume wa zamani. Hata hivyo si kila rangi iko kwenye Y. Nyingine ziko kwenye X, na rangi ya msingi ya mwili hutoka kwenye kromosomu za kawaida, kwa hiyo jike asiye na rangi hata moja huwa amebeba nusu ya sura ya wanawe. Anayechagua madume wazuri na kuokota majike bila kuangalia wametoka wapi anajenga nyumba kwa ukuta mmoja.

Dalili: tumbo kubwa, hazai

Subira inatatua nusu ya kesi hizi. Mwezi Julai usiku wa Dar hushuka hadi karibu nyuzijoto 19, na tangi lisilo na hita likipoa, mimba iliyozoeleka kuchukua siku ishirini na tano inaweza kupita thelathini. Weka kipimajoto, uandike tarehe ya uzazi uliopita, na usubiri wiki tano kamili kabla ya kuanza hofu.

Zikipita hizo, mtazame jike kutoka juu. Tumbo la mimba hujaa sawasawa pande zote mbili, kisha karibu na kuzaa hupata kona kama ya sanduku upande wa mbele, na doa jeusi huwa pana. Magamba yakiwa yamesimama kama maganda ya nanasi, hiyo si mimba. Ni mwili kujaa maji kwa sababu ya viungo vya ndani kushindwa kazi, na jike huyo atengwe, ingawa wengi hawaponi. Tumbo likiwa limevimba kwa mbele tu na kinyesi kinaning'inia kama uzi mweupe, mpunguzie chakula kwa siku mbili.

Akiwa mzima na bado hashiki mimba, mchunguze dume. Zipo nasaba za mapambo ambazo mapezi yote yamerefushwa kama utepe, pamoja na lile la kupandia, na dume wa aina hiyo hulizungusha pezi lake bila kufikisha mbegu mahali pake. Wafugaji wa nasaba hizo huwatumia ndugu wa madume hao wenye mapezi mafupi. Lipo pia suala la usumbufu: tangi lenye madume wengi kuliko majike humfanya jike akimbizwe kutwa nzima, asile, na hatimaye ashindwe kulea mimba. Weka majike wawili au watatu kwa kila dume.

Dalili: wanazaliwa wafu, au wanazaliwa na kupotea

Vifaranga waliokufa wakiwa bado na mfuko wa kiini tumboni wametoka kabla ya siku zao. Sababu ya kwanza ya kuichunguza ni maji. Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu hutiwa klorini, na siku yanapofunguliwa baada ya mgao harufu yake huweza kuwa kali. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku moja hadi mbili, au uyatie dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kubadilisha ghafla kutoka maji ya kisima yenye chumvichumvi kwenda maji ya bomba, kama tunavyolazimika kufanya bomba linapokauka na boza la maji linapofika, humshtua jike mwenye mimba hata kama maji yote mawili ni mazuri kila moja kwa upande wake. Gapi anavumilia chumvi kiasi. Asichokivumilia ni kurushwa huku na huku. Badilisha robo ya maji kwa wakati mmoja, si zaidi.

Sababu nyingine ni kumhamisha jike akiwa amebakiza siku mbili tatu, hasa kumtia kwenye kile kisanduku kidogo cha plastiki cha kuzalishia. Majike wengi humo hutupa mimba au huchelewa kwa hofu. Naona ni afadhali kumwacha mahali alipozoea, na kumpa mimea mingi inayoelea yenye mizizi iliyofumana, kisha kumwondoa yeye baada ya kuzaa.

Wanaozaliwa wazima na kutoweka wameliwa, mara nyingi na mama yao au wakubwa wengine, au wamevutwa na chujio. Funika mdomo wa chujio kwa kipande cha sponji. Wanaofuga kwenye mabeseni uani wachunguze pia viluwiluwi vya kereng'ende, ambavyo hukaa chini ya majani na kula vifaranga mmoja mmoja mpaka beseni libaki tupu. Walishe vifaranga kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku: chakula kilichosagwa kuwa unga, kiini cha yai lililochemshwa kwa kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiti, na wakishakua kidogo, viluwiluwi vya mbu. Kiini cha yai kikizidi huoza, na asubuhi utakuta wote wanahema juu ya maji.

Wakizidi

Ukifuata haya, baada ya miezi minne tatizo litakuwa wingi, na kinachobaki kwa kawaida ni majike ambao hakuna anayewataka. Wasimwagwe kwenye mtaro wala Mto Msimbazi. Gapi ameota mizizi katika nchi nyingi ambako hakuwahi kuwepo, na kwa kuwa jike mmoja tu anabeba mbegu za miezi kadhaa, kumwachia huyo mmoja ni sawa na kuachia kundi zima. Watenge majike na madume kwenye vyombo viwili tofauti wakiwa na wiki nne, na wale waliokwisha kuzaa wakae bila dume; watazaa mara mbili tatu zaidi kwa mbegu walizonazo, kila mkupuo mdogo kuliko uliotangulia, kisha wataacha.